Mbao za msonobari za Mafinga kwa kenchi: zinafaa, ukijua kuzichagua

Mapaa mengi mapya ya bati Unguja na Pemba sasa yanasimama juu ya mbao za msonobari zilizotiwa dawa, kutoka Mafinga, Iringa. Mikoko haikatwi bila kibali, na mvinje mchwa anaupenda. Kwa kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, mbao hizi ndizo chaguo langu. Dawa huzigeuza kijani, ila si kila ubao wa kijani umetiwa dawa, na hapo ndipo watu wanapoliwa pesa zao.

Dawa ya kweli husukumwa ndani ya mti kwa mtambo wa mgandamizo. Mwombe muuzaji akate ubao mmoja katikati. Usikubali akuoneshe ncha, kwa sababu ncha hunywa dawa hata ukichovya tu. Ukijani ukiwa umezama kutoka pande zote, chukua. Ukiwa ganda tu na ndani kweupe, hiyo ni rangi. Moyo wa mti haunywi dawa vizuri, na ubao wenye moyo katikati hujisokota ukikauka, kwa hiyo mbao za namna hiyo ziweke kando.

Chukua futi upime. Kinachoitwa inchi 2 kwa 4 mara nyingi hakifiki, na mbao zilizopasuliwa kwa dingidongi, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, huwa nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili. Ukizichanganya juu ya paa, papi (mbao za kupigilia bati) hazilali sawa na bati linapiga mawimbi.

Urefu ndio unaowakwamisha wengi. Nyumba yenye upana wa mita 6, paa la nyuzi 25, mbao ya mteremko ya futi 12 (mita 3.66) inakupa upenu wa sentimita 30 tu, na hakuna cha kukata. Kwa mvua ya masika upenu huo ni mdogo mno, ukuta utalowa. Ukitaka sentimita 60 unahitaji karibu mita 4, basi agiza futi 14 mapema, maana si kila duka linaziweka. Mbao ya chini ya kenchi hiyo hutoka kwenye mbao mbili za futi 12 zilizopishana sentimita 60. Zibane kwa boliti mbili za milimita 12 na washa zake. Misumari peke yake inapasua mti ikipigwa kwenye mstari mmoja. Ukipanga kenchi kila mita 1.2, nyumba ya urefu wa mita 9 inataka kenchi 9.

Mbao nyingi huuzwa bado zina maji. Utazijua kwa uzito. Ukizipandisha hivyo zitapinda zikiwa juu, na misumari italegea. Zipange kivulini juu ya matofali, weka vipande vya inchi moja kati ya safu kila sentimita 60, na juu kabisa weka uzito. Wiki tatu za kaskazi zinasaidia sana. Wakati wa masika subiri zaidi.

Misumari iwe ya kupakwa zinki. Dawa hii ina shaba, na shaba inakula chuma kitupu. Ongeza chumvi ya bahari, msumari mweusi hauna maisha marefu. Kila unapokata, paka dawa upya kwenye kidonda, khasa ncha zinazokaa juu ya linta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta. Na kenchi ifungwe kwenye linta kwa nondo ya milimita 6 iliyozamishwa wakati wa kumwaga zege. Nondo ya kutobolea baadaye haishiki vile.

Kasoro yake kubwa ni mabaki. Dawa inayotumika sana ina aseniki, ambayo ni sumu. Vipande visiingie jikoni hata kimoja, visichomwe uani, na vumbi la msumeno lisiachwe watoto wanapochezea wala kuku wanapodonoa.