Usinisumbue ya Android kwenye saa ya sala: inaziba masikio, macho yanabaki wazi

Kitufe cha Usinisumbue, kinachonyamazisha simu na arifa, kipo karibu kwenye kila simu ya Android na hakilipiwi. Kwa Mkristo anayetaka dakika 30 za alfajiri mbele za Mungu, kinafaa kuliko programu nyingi za maombi, kwa sababu programu hizo zenyewe hutuma arifa. Lakini kinavyotoka kiwandani kimepangwa kwa ajili ya mtu aliyelala. Anayesali yuko macho, na skrini ikiwaka anaiona.

Vuta skrini kutoka juu kwenda chini, kisha shikilia kitufe hicho mpaka mipangilio yake ifunguke. Simu nyingine huiweka chini ya Sauti, Samsung huiweka chini ya Arifa, kwa hiyo kushikilia kitufe ndiyo njia ya uhakika.

Kwanza tazama sehemu ya wanaopiga tena, ambayo mara nyingi huwa imewashwa tayari. Namba ileile ikipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Nia ni njema, kwamba mwenye dharura apenye. Ila kwetu mtu anabipu, asipopigiwa anabipu tena, na hana dharura yoyote. Anataka tu kujua kama mmeamka. Zima chaguo hilo. Badala yake ruhusu simu za watu uliowawekea nyota kwenye orodha ya majina ya simu yako, na nyota ziwe mbili au tatu: mzazi mgonjwa, mtoto aliye shule ya bweni, mwenzi aliye safarini. Ukiweka kumi na tano umeufungua mlango tena. Mchungaji au mzee wa kanisa anayeitwa usiku kwa wagonjwa aliache chaguo la wanaopiga tena likiwa limewashwa. Kwake hiyo ni sehemu ya utumishi.

Pili ni sehemu ya arifa zilizofichwa, na hapa ndipo wengi hukwama. Kwa kawaida Usinisumbue hunyamazisha sauti na mtetemo tu. Ujumbe wa kundi la kwaya bado unaonekana juu ya skrini. Chagua kuzuia sauti pamoja na picha, yaani arifa isionekane kabisa kwenye skrini. Bila hatua hii tunaipa huduma hii nyota mbili kati ya tano, na ikishafanywa inastahili nne.

Tatu ni ratiba. Ukiwasha kwa mkono, mara nyingi hali hiyo hubaki mpaka uizime mwenyewe, na ndivyo watu wanavyogundua saa sita mchana kwamba simu za asubuhi nzima zimepita kimya. Tengeneza ratiba uiite Sala, yenye saa ya kuanza na ya kumaliza. Angalia hesabu ya saa: saa 11 alfajiri kwenye simu ni 05:00. Ukiandika 11:00, simu itanyamaza saa tano asubuhi ukiwa kazini, na alfajiri italia kama kawaida. Kengele ya kuamsha haizuiwi isipokuwa ukiizima mwenyewe.

Kuna mambo ambayo Usinisumbue haiyawezi. Kwa kawaida haigusi sauti ya muziki na video, kwa hiyo anayefungua nyimbo za kuabudu mtandaoni atakatizwa na tangazo la biashara katikati ya ibada. Pakua nyimbo mapema, au imba mwenyewe. Biblia ya kwenye simu ina shida nyingine: lazima ufungue skrini, na kidole kilichozoea njia ya WhatsApp huenda huko kabla akili haijakizuia. Biblia ya karatasi, hata ile ndogo ya Union Version, huondoa kishawishi hicho chote.

Hali ya ndegeni ni kali zaidi. Hakuna simu inayoingia, na SMS husubiri mpaka uizime. Inafaa siku ya kufunga au kwenye mkesha, mradi uhakikishe Wi-Fi nayo imezimika. Udhaifu wake ni kwamba haimtambui mwenye nyota: mama akipiga usiku wa manane hatakupata. Kwa sala ya kila siku, Usinisumbue iliyopangwa vizuri ni bora.

Hata hivyo, ikipangwa vipi, simu iliyo mfukoni bado inaita mkono. Bwana Yesu katika Mathayo 6:6 anasema mtu aingie chumbani na kuufunga mlango, na simu ikibaki ndani, mlango haujafungwa. Iache sebuleni kwenye chaji, sauti ya mlio ikiwa juu ili wale wenye nyota wasikike ukiwa chumbani. Muda utazamwe kwenye saa ya mezani. Ukitumia simu kutazama saa, utasoma na mengine.

Bakiza kipande cha karatasi na kalamu karibu na Biblia. Kelele zikiisha nje, za ndani hupanda: ada ya shule, unga uliokwisha, mtu wa kupigiwa. Dakika 5 za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Usipigane na wazo. Liandike kwa neno moja, “ada”, urudi kwenye sala. Karatasi isomwe baada ya Amina, kisha ndipo simu ifuatwe sebuleni.