Viunganishi vya kufunga kwa pete kwenye mashine za kupumulia: uzoefu wangu

Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja mashariki mwa Uganda, ambako wagonjwa mahututi wakizidiwa hupelekwa Mbale, na wengine hadi Mulago jijini Kampala. Kwa muda sasa tumekuwa tukitumia viunganishi vipya vya mipira ya kupumulia, vile vinavyoingia kwa kusukuma na kujifunga kwa pete, na wenzangu wa hospitali nyingine wameniuliza kama vinafaa kununuliwa. Jibu langu ni kwamba vinafaa, ila si katika kila kiungo cha njia ya hewa, na anayevinunua anapaswa kwanza kujua ni wapi asivitumie.

Mipira ya kupumulia hospitalini huungana kwa koni. Kiwango cha ISO 5356-1, cha shirika la kimataifa la viwango, kimeweka milimita 15 kwa kichwa cha mrija unaoingizwa kooni, milimita 22 kwa mipira ya mashine na barakoa, na milimita 30 kwa mipira inayotoa nje gesi za usingizi zilizokwisha kutumika, ili mtu asiweze kuchomeka mpira wa kutolea mahali pa kuvutia pumzi. Koni za milimita 15 na 22 hupungua kipenyo kwa milimita 1 katika kila milimita 40 za urefu, na mteremko huo mdogo ndio unaoifanya ncha moja iing'ang'anie nyingine inaposukumwa na kuzungushwa kidogo, kama gunzi linavyoziba mdomo wa kibuyu. Kwa hospitali inayoishi kwa vifaa vya msaada, utaratibu huu ni neema kubwa, kwa sababu mashine iliyotoka Ulaya, mpira ulionunuliwa Kampala na kichujio kilichotengenezwa China vinaingiana bila shida.

Udhaifu wake ni kwamba kinachoshikilia ni msuguano peke yake. Koni ikilowa unyevu wa pumzi, au plastiki ikipoteza umbo baada ya kupitishwa mara nyingi kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto), kiungo huachia bila mtu kuona. Ndani ya gari la wagonjwa hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kila shimo la barabarani huuvuta mpira, na kengele ya mashine ni vigumu kuisikia king'ora kinapolia. Wahudumu wengi hujitetea kwa kuzungushia plasta. Siwalaumu, lakini plasta huficha kiungo kilichokaa upande, na mgonjwa akijaa makohozi inabidi ibanduliwe kwanza ndipo avutwe uchafu, wakati ambapo kila sekunde ina thamani.

Kiunganishi tunachotumia kimebakiza koni ya milimita 22 ya kawaida, kisha juu yake kimeongezewa pete yenye ndimi mbili za plastiki zinazosukumwa na springi ya chuma. Ukikisukuma, ndimi hukamata ukingo wa upande wa pili kwa mlio unaosikika, na mstari mwekundu uliokuwa ukionekana hufunikwa kabisa. Ninachokipenda zaidi ni kinundu kidogo kinachojitokeza pembeni pete inapokuwa imefunga, kwa maana umeme ukikatika usiku muuguzi anaweza kuthibitisha kwa kidole bila kuona. Kukifungua kunataka kubana pande zote mbili kwa pamoja, jambo linalowezekana kwa mkono mmoja hata ukiwa na glavu zilizolowa. Nimekijaribu kwa kipimo tunachokitumia kwa mashine za usingizi: unaziba upande wa mgonjwa, unapandisha shinikizo hadi sentimita 30 za maji, kisha unatazama kama mshale unashuka. Haukushuka, hata nilipokuwa nikiuvuta na kuuzungusha mpira, na hapo koni tupu zilizochakaa huwa zinavuja.

Mwanzoni wengine walitaka tufunge kila kiungo, hadi kile cha mrija wa kooni. Sista wa wodi ya mahututi alikataa, akaniambia, "Fundi, ukikaza hapa, mgonjwa akijigeuza kitakachotoka ni mrija wenyewe." Ninakubaliana naye kabisa. Mpira ukivutwa kwa nguvu, ni lazima kitu fulani kiachie, na ni heri iachie koni iliyo nje ya mdomo, ambayo muuguzi atairudisha mara moja, kuliko mrija ambao kuurudisha kunahitaji mtaalamu, vifaa na dawa. Kwa hiyo sisi tunafunga upande wa mashine na kwenye kichujio, ambako uzito wa mipira huning'inia, na kwenye kichwa cha mrija tunaacha koni ya kawaida, huku mpira ukiegemezwa kwenye mto au kishikizo ili usivute. Mtengenezaji alipaswa kueleza jambo hili katika ukurasa wa kwanza wa maelekezo, lakini hakuligusa.

Kwa watoto wachanga sivishauri. Mtoto wa kilo 3 huvuta takriban mililita 12 hadi 18 katika pumzi moja, hivyo hata mililita chache za nafasi ndani ya kiunganishi humrudishia hewa aliyokwisha kuitoa, na pete yenyewe ni nzito kwa mrija mwembamba namna ile.

Usafishaji nao una masharti. Hospitali nyingi hapa huloweka vifaa katika jiki, na klorini hula springi ya chuma isiposuuzwa vizuri kwa maji safi. Ulimi mmoja ukishakwama, mlio bado utausikia ilhali pete imeshika upande mmoja tu. Mwili wa kiunganishi, ambao ni wa plastiki ngumu iitwayo polisalfoni, unastahimili otoklevu ya nyuzi 134 za Selsiasi, lakini ndimi nimezikuta zikilegea mapema kuliko mwili, kwa hiyo kila kiunganishi kinachorudi kutoka kusafishwa mimi hukivuta kwa mkono kabla ya kukirudisha wodini.

Lipo jambo jingine lisilonipendeza: tundu la pembeni la kupimia gesi lina umbo la luer, lilelile la bomba la sindano na mipira ya dripu. ISO ilianza kutoa mfululizo wa viwango vya 80369 mwaka 2010 ili mipira ya pumzi, ya chakula na ya mishipa isiweze kuunganishwa kimakosa, na ningependa kifaa kinachouzwa kwa jina la usalama kiwe na tahadhari zaidi hapo. Sisi tumeagiza vifuniko vyenye kamba ili visipotee.

Kampuni hiyohiyo inauza pia aina isiyo na koni, inayoshikana na mwenzake wa kampuni hiyo pekee. Ni nyepesi na inafunga upesi zaidi, lakini niliikataa, kwa sababu mgonjwa wetu akifika Mbale akiwa na nusu ya kiunganishi ambacho nusu yake ya pili imebaki kwetu, atapumuliwa kwa kutumia nini? Katika oda inayofuata nimeomba aina yenye koni, ndimi na springi zinazouzwa peke yake kama vipuri, na nimewataka waandike kwenye pakiti kwamba pete isifungwe kwenye mrija wa kooni.