Uchambuzi: silikoni, lateksi au gundi ya viatu kwa zulia la boti lililochakaa chini

Ndugu watazamaji, karibuni. Zulia hili lililo mezani limetoka katika boti ya injini inayosafirisha abiria kati ya Goma na Bukavu, na mtu akilitazama kwa juu atadhani bado lina miaka mingi ya kutumika, kwani nyuzi zake zimesimama na rangi yake haijapauka sana. Sasa ninaligeuza. Mpira wa chini umepasukapasuka, sehemu nyingine umebanduka kabisa, na nikipitisha kidole unabaki unga mweusi mkononi, unga uleule unaochafua mizigo ya abiria inapowekwa sakafuni. Mwenye boti anataka dawa ya bei nafuu kabla hajaamua kununua jipya, kwa hiyo leo ninachambua bidhaa tatu zinazopatikana katika maduka ya Birere, mtaa wa biashara hapa Goma: silikoni ya mrija ya kuzibia nyufa, lateksi (mpira wa majimaji) ambayo wajenzi huichanganya na saruji, na gundi ya njano ya mafundi wa viatu.

Kabla ya kutoa hata faranga moja, chunguzeni ni kazi gani ya mpira huu iliyoshindikana. Mazulia mengi ya boti hutengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, plastiki isiyooza na isiyonywa maji, lakini nyuzi hizo hazijishikilii zenyewe. Hushikwa na tabaka la lateksi linalopakwa kiwandani, na baadhi ya mazulia huongezewa chini yake mpira wenye vinundu ili yasiteleze na ili hewa ipite kidogo juu ya sakafu. Hapa kwetu tabaka hizo hushambuliwa sana. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na jua lake ni kali. Maji ya mawimbi yakishaingia chini ya zulia hayakauki upesi. Na kuna mchanga wa volkano, ambao ndio ninaoulaumu zaidi. Lava ya mlima Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma, tunatembea juu yake kila siku, na abiria huingia botini na chembe zake chini ya viatu. Chembe hizo zina makali ya vioo vilivyosagwa, zinazama katikati ya nyuzi hadi chini, kisha kila anayekanyaga anausaga mpira bila kujua.

Kwa sababu hiyo, matengenezo yoyote huanza kwa kusafisha. Kung'uteni zulia, lipigeni maji kwa nguvu mkiwa mmeligeuza, sugueni kwa brashi ngumu mpaka mpira uliokufa utoke wote, halafu lianikeni hadi likauke kabisa. Anayepaka kitu juu ya ule unga anapaka juu ya vumbi, na kitabanduka pamoja nalo.

Silikoni ndiyo iliyonipendeza kuliko zote, mradi tatizo liwe ni kuteleza. Hatuipaki zulia zima; tunachora mistari upande wa chini, tukiiachia nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya mmoja na mwingine. Mrija wa mililita 300 hutoa takriban mita 15 za mstari wenye unene wa milimita 5, na mita moja ya mraba hula karibu mita 10, kwa hiyo sakafu ya mita 6 za mraba itahitaji mirija minne. Pigeni hesabu hiyo wenyewe dukani kabla muuzaji hajawapigia yake. Zulia lilale kifudifudi mahali tambarare, na msilirudishe botini siku hiyohiyo, kwa maana silikoni hukauka kuanzia nje kuelekea ndani, kwa kadiri ya milimita mbili au tatu kwa saa 24. Ikiwa bado mbichi itashikana na sakafu, na siku ya kulinyanyua mtaling'oa na rangi. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, asidi inayoweza kula baadhi ya metali, lakini tukiikausha nje ya boti jambo hilo halitusumbui sana. Ubaya wake mkubwa ni mwingine: silikoni ikishakaa, karibu hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake isipokuwa silikoni yenyewe. Ndiyo maana hupakwa mwisho.

Kama nyuzi ndizo zinazong'oka, silikoni haitawasaidia, na hapo lateksi ya wajenzi inastahili pesa yake. Hiyo ya aina ya stairini-butadieni, yaani mpira bandia, ni ya ukoo mmoja na ile inayotumiwa viwandani kushikilia nyuzi za mazulia. Ni maji meupe kama maziwa. Pakeni kwa brashi upande wa chini, tabaka jembamba, liacheni likauke, kisha la pili. Ikikimbia mno, ongezeni unga laini wa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Msidanganywe na gundi nyeupe ya mbao kwa sababu zinafanana kwenye kopo: hiyo ikilowa inalainika tena, na katika boti kulowa ni jambo la kila siku.

Gundi ya njano naipa nafasi ndogo. Hupakwa kwenye nyuso zote mbili zinazounganishwa, husubiriwa mpaka isigande kidoleni, kisha hubanwa kwa nguvu. Inafaa kwa kingo tu, kuzivalisha ukanda wa mpira uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu, lakini viyeyusho vyake hulainisha lateksi ya zamani mkiipaka eneo kubwa, na mvuke wake huwaka moto, kwa hiyo msiitumie karibu na injini wala madumu ya petroli. Na sehemu hiyo ya madumu, kwa maoni yangu, isiwekwe zulia hata kidogo, kwani petroli huvimbisha mpira na silikoni vilevile.

Kwa zulia hili nitapaka lateksi kwenye njia ya katikati, ambako nyuzi zimelegea, kisha mistari ya silikoni pote. Linastahili. Lile jingine lililo pale pembeni halistahili: nikilivuta kwa mikono miwili, kitambaa chake cha msingi chenyewe, kile kinachobeba nyuzi, kinachanika, na hakuna bidhaa kati ya hizi tatu inayorudisha kitambaa. Lakini lisitupwe leo. Litandikeni juu ya zulia jipya, choreni pembe na matundu yote kwa chaki, kateni lile jipya, ndipo la zamani litupwe.