Kupanga mzigo, yaani chumba cha kukodi, barabara ya Ggaba: chumba kizuri, maji ya kuumiza, na sheria ya wapangaji ya 2022 imenisaidia wapi

Naandika hii kwa wale wanaotafuta chumba kuanzia Kansanga kushuka mpaka Bunga na Ggaba, hasa wenzetu wanaotoka Arua, Busia na ng'ambo ya mpaka wanaokuja Kampala kusoma ama kutafuta kazi, maana watu wananiuliza sana kama pale ninapokaa ni pazuri. Jina la mwenye nyumba sitaji wala plot yake, lakini nyumba za aina hii ziko nyingi laini yote ile kwa hiyo nadhani itawafaa hata mkienda kwa mtu mwingine.

Ni mzigo, chumba kimoja na kasebule kadogo mbele, shilingi 250,000 za Uganda kwa mwezi. Chumba chenyewe sina neno. Sakafu ya simiti iliyolainishwa vizuri, mabati hayavuji hata mvua ya Aprili ikikazana, dirisha lina vyuma, geti inafungwa usiku na askari yupo kweli, hasinzii. Stima kila mpangaji ana mita yake ya Yaka, ile ya kulipia kabla, unaweka unachoweza na hakuna wa kukuuliza umewasha pasi ama la. Choo ni cha nje, tunashirikiana vyumba vinne na tunaosha kwa zamu, kisafi. Boda mpaka steji ya taksi ni karibu, hata kwa miguu unafika. Kwa bei hiyo na eneo hilo huwezi kupata kizuri zaidi bila kwenda mbali sana na mji.

Sasa maji. Kiwanja kina bomba moja tu na mita moja, liko katikati pale karibu na kamba za nguo, limefungwa kikufuli na ufunguo anao keyateka, yule msimamizi wa nyumba, analifungua asubuhi na tena jioni na jerikani ya lita 20 ni shilingi 200. Unapanga foleni na jerikani zako za njano, unalipa hapo hapo, yeye anaandika kwenye daftari. Mwanzoni unaona 200 ni kitu kidogo. Lakini piga hesabu jamani. Nyumba yenye mtoto inatumia jerikani tano kwa siku bila hata kufua sana, hizo ni 150 kwa mwezi, yaani shilingi 30,000. Na bei ya serikali kwenye mabomba ya umma ya National Water, shirika la maji, yale ya kulipia kabla kwa tokeni, ni kama shilingi 25 kwa jerikani, kwa hiyo maji yale yale 150 yangekuwa 3,750. Tofauti ni zaidi ya 26,000 kila mwezi, inatoka kwa mtu anayelipwa kibarua cha siku, na anayekaa kwenye nyumba kubwa yenye mita yake halipi bei hii ya keyateka. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, ameanza kuchota maji ya chemchemi kule bondeni kwa ajili ya kufulia na kuosha vyombo, na kila mtu wa Kampala anajua chemchemi za mabondeni zinapokea nini kutoka vyoo vya juu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maji yenyewe hayatoki mbali. Mitambo ya kusafisha maji ya Ziwa Victoria iko hapo Ggaba, mwisho wa barabara hii hii, na mji umeongezewa mwingine mkubwa kule Katosi, Mukono, wa lita milioni 160 kwa siku, uliojengwa kwa mikopo na misaada ya Wafaransa, Wajerumani na benki ya uwekezaji ya Ulaya. Mikopo hiyo tutailipa sisi wote, hata yule mama wa chemchemi, maana akinunua sabuni na chumvi amelipa kodi. Kwa hiyo mimi nikipima huduma ya maji siwezi kuishia kwa keyateka na kikufuli chake, lazima nifike Bungeni.

National Water ni shirika la serikali tangu 1972. Hesabu zake zinakaguliwa na Mkaguzi Mkuu, ripoti inakwenda Bungeni kwa kamati ya mashirika ya serikali, ile wanayoiita COSASE, na bajeti ya Wizara ya Maji na Mazingira inapita kwenye kamati ya mazingira na maliasili. Kila wizara inatakiwa kupeleka maelezo yake ya bajeti kabla ya tarehe 15 Machi, Bunge linamaliza kupitisha kufikia 31 Mei, mwaka mpya wa fedha unaanza Julai mosi. Nafasi ya kuuliza ipo kila mwaka, imeandikwa kwenye sheria. Na wabunge wanauliza, sisemi wamelala, suala la ofisi za serikali kutolipa bili zao za maji, kambi za jeshi, polisi, magereza, limesemwa mpaka limezeeka. Ni suala la maana sana maana pesa hizo ndizo zingevuta mabomba mapya mitaani. Ila mimi ningependa swali moja liongezwe kila mwaka na lijibiwe kwa tarakimu: mpangaji wa mzigo asiye na mita anainunua jerikani shilingi ngapi mlangoni kwake? Si bei iliyopangwa, ile anayotoa mfukoni. Ukisema watu kadhaa wako karibu na bomba umesema umbali tu, hujasema kama wanaweza kununua maji ya hilo bomba.

Haya, tuje kwenye kodi ya nyumba, na hapa nina habari nzuri kidogo. Mwaka huu mwenye nyumba alituma keyateka apite chumba kwa chumba kusema kuanzia mwezi unaofuata ni 300,000, asiyeweza atoe vitu. Watu wakaanza kunung'unika na wawili wakaanza kutafuta broka, dalali wa vyumba. Mimi nilikuwa nimesoma habari za ile sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022, ile iliyopitishwa na Bunge mara ya kwanza Juni 2019, Rais akairudisha, ikakaa sana ndipo ikawa sheria. Inasema kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Asilimia 10 ya 250,000 ni 25,000, kwa hiyo mwisho wake ni 275,000. Tukaenda wapangaji watano kwa chemani wa LC1, yaani mwenyekiti wa mtaa, nikamwonyesha kifungu kwenye simu, akavaa miwani akasoma polepole na kidole kwenye skrini, akasoma tena. Halafu akampigia mwenye nyumba akamwambia, mzee, hawa watoto wako hawakatai kuongeza, wanakuomba uongeze kwa kipimo cha sheria. Mzee alilalamika sana, mkopo wa benki, bei ya simiti, kodi ya mapato ya URA, na mengine ni ya kweli, lakini mwisho akakubali 275,000. Hakuna aliyehama.

Na kile kipengele kingine, kwamba mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya korti, nakipa alama zote. Mtu aliyewahi kurudi kutoka kazini akakuta mlango umeng'olewa ama kufuli mpya iko juu ya kufuli yake anajua ninachosema. Hata mzee wetu na hasira zake siku hiyo hakugusa mlango wa mtu.

Lakini sheria hiyo ina shimo mahali tunapokaa sisi. Mkataba wa maandishi unalazimishwa kuanzia thamani ya shilingi 500,000, halafu ukihesabu kodi ya mwezi mizigo mingi haifiki hapo, kwa hiyo mtu anapewa chumba kwa mdomo, analipa miezi mitatu mbele mkononi mwa keyateka, na siku ya ubishi hana hata karatasi ya kumwonyesha chemani alikuwa analipa ngapi. Sisi tuliponea kwa kuwa kodi tunatuma kwa mobailimani, pesa za simu, ujumbe ulikuwepo kwenye simu unaonyesha 250,000 mwezi baada ya mwezi. Yule aliyekuwa analipa keshi alibaki kutuangalia sisi. Wabunge walipoweka kiwango hicho nafikiri waliona karatasi itamsumbua mtu mdogo, lakini mtu mdogo ndiye anayeihitaji zaidi, mwenye fleti ya milioni mbili Muyenga ana wakili wake tayari. Kiwango hicho kirudishwe Bungeni kiondolewe, hata karatasi ya mkono yenye sahihi mbili inatosha.

Alama zangu basi: chumba 4 kati ya 5, usalama 5, maji 1, mwenye nyumba 3 kwa sababu alisikiliza. Ukiwa peke yako na unashinda kazini chukua, utakaa vizuri. Ukiwa na familia uliza kwanza bomba lina mita ya nani na jerikani ni ngapi, halafu ongeza hiyo kwenye kodi kabla hujamlipa broka chochote. Kodi tuma kwa simu na usifute ujumbe hata mmoja. Sisi wapangaji watano tunaandika barua kwa mbunge wetu kuomba bomba la tokeni pale karibu na steji, tunataka imfikie kabla ya Machi, na kama wewe uko plot za jirani na unalipa 200 ama zaidi njoo jioni wakati wa foleni ya maji utie sahihi.