Mikwaruzo ya msasa kwenye rangi mpya: fundi wa Tudor alivyoniokolea Fielder

Naandika haya kwa aliyetoka kupiga gari lake rangi, kisha akaliona juani likiwa na mistari asiyoielewa. Langu ni Toyota Fielder ya bluu iliyokoza, bluu yenye chenga za metali, na rangi za namna hiyo hazimfichii fundi chochote. Boneti, fenda ya kushoto, mlango wa mbele na bampa vilipigwa upya katika gereji moja hapa Mombasa ambayo sitaitaja. Siku ya kulichukua liling'aa vizuri. Lilipooshwa mara chache, mng'ao ukaondoka na maji, ikabaki mistari mirefu iliyonyooka, alama ndogondogo zilizojisokota, na kwenye ukingo wa boneti baka lililofifia ambalo hata ulisugue vipi haling'ai.

Gereji ile iliniambia rangi "bado inakaa". Nikampelekea fundi mwingine wa Tudor, mtaa wa hapa Mombasa, niliyeelekezwa na jirani. Ameniomba nisiandike namba yake, na nimemheshimu.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakugusa mashine kwanza. Aliliosha gari kutoa vumbi na chumvi ya bahari, akapangusa kila sehemu kwa spiriti, ndipo akapitisha tochi. Akanieleza kwamba polishi nyingi zina mafuta yanayojaa ndani ya mikwaruzo na kuifunika. Spiriti huyatoa yale mafuta, ukaona rangi ilivyo. Mikwaruzo ilikuwa mingi kuliko niliyoiona mimi.

Kisha akatoa kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja, kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linaloleta mng'ao, ni kama 40 au 50 tu kati ya hizo. Kila ukipiga msasa unaila hiyo klia. Kwenye bampa hakupima kwa sababu ni plastiki, na kipimo chake husoma juu ya chuma. Akasema hapo atakwenda kwa tahadhari zaidi, hata kama alama chache zitabaki.

Maelezo yake juu ya chanzo yalikuwa wazi. Klia ilipokauka ilikuwa na vinundu kama ganda la chungwa, fundi wa kwanza akailaza, yaani akaisawazisha, kwa msasa. Kulaza klia si kosa, mafundi wazuri hufanya hivyo. Kosa ni kutumia msasa mkali kisha kurukia mashine ya kung'arisha bila kupitia misasa laini ya katikati. Zile alama zilizojisokota hutokana na mashine ya msasa yenye punje ya uchafu iliyonaswa chini yake, inazunguka nayo na kuchora. Na lile baka la ukingoni: klia imekwisha kabisa. Kingo ndipo klia huwa nyembamba, na ndipo mkono hukandamiza zaidi.

Hapo ndipo akaniambia neno ambalo sikulipata kule kwingine: "Dada yangu, hili baka nikikung'arishia leo utaondoka umefurahi, mwezi ujao utarudi unalia. Hapa hakuna cha kung'arisha. Boneti lazima ipigwe tena."

Fenda na mlango aliviokoa bila kupiga rangi. Alibandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote, akalowesha, akaanza na msasa namba 1500 mahali penye alama za kina tu, akaenda 2000, kisha 3000 (namba ikipanda msasa huwa laini zaidi), kila namba akibadilisha mwelekeo wa mkono ili aone kama mistari ya namba iliyotangulia imekwisha. Muda wote alikuwa akitazama yale maji ya msasa. Yakiwa meupe kama maziwa, bado uko kwenye klia. Yakianza kuwa ya bluu, umeifikia rangi yenyewe na umechelewa. Baada ya hapo kampaundi, dawa nzito ya kusugulia, kwa pedi ya sufu, polishi kwa pedi ya sponji, halafu spiriti tena na tochi tena. Mistari yote imeondoka. Nimelitazama gari saa sita mchana pale Mama Ngina, jua likiwa utosini, na fenda ile ni safi.

Boneti aliirudia nzima, rangi na klia ya kuchanganywa na hadena (dawa ya kuigandisha iwe ngumu), badala ya kupulizia lile baka peke yake. Mpaka wa klia mpya juu ya klia kuukuu katikati ya boneti huja kuonekana baadaye, na mimi naona alikuwa sahihi kuukataa. Kungoja kulinichosha, maana zilikuwa mvua za masika na alikataa kupuliza hewa ikiwa nzito, kwa vile hadena hushikana na unyevu na klia ikakauka bila mng'ao. Nilikaa bila gari muda mrefu kuliko nilivyopanga. Hilo ndilo lalamiko langu, pamoja na kwamba hakunipigia simu kunijulisha siku zinasogea. Ilibidi nimtafute mwenyewe.

Gharama ilikaribia nusu ya nilicholipa gereji ya kwanza, na sehemu kubwa ni ya boneti. Kazi ya fenda na mlango peke yake ilikuwa nafuu.

Bampa ina mikwaruzo miwili mitatu chini ya taa, ile aliyoiacha kwa makusudi. Ameniagiza nisipake nta boneti kwa miezi miwili mitatu, kwa kuwa thina, kile kiyeyushio cha rangi, bado inatoka kwenye klia na nta huifungia ndani. Naosha kwa maji na shampuu ya gari, kwa kitambaa laini, kivulini. Anapokea gari moja kwa wakati, kwa hiyo mwulize nafasi mapema, na kazi ya kupuliza usimpelekee mvua zikiwa zimeshika.