Mwanangu kwenye jaribio la chanjo ya malaria, Bagamoyo: nyota nne

Wazazi wenzangu huniuliza kama inafaa kumwandikisha mtoto kwenye utafiti wa afya. Inafaa, ila mtazame kwanza anayekuomba anakuombaje.

Mwanangu aliingia kwenye jaribio la chanjo ya R21 hapa Bagamoyo, lile lililoanza 2021 kwa watoto wa miezi 5 hadi 36. Muuguzi alitusomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, akisimama kila mtu alipotaka kuuliza. Mama asiyejua kusoma aliwekewa shahidi asiye mfanyakazi wa pale, ndipo akaweka dole gumba. Kisha tukaambiwa tukashauriane nyumbani. Hapo ndipo nilipopata imani, maana maneno ya mumiani kwetu hayajaisha, na mama mkwe alitaka kujua damu ya mjukuu wake inapelekwa wapi na ni kiasi gani. Nilirudi na maswali yake yote, yakajibiwa bila kununiwa. Nikaambiwa pia kwamba naweza kumtoa mtoto siku yoyote, na matibabu yake hayatapungua.

Miaka ya nyuma, kituo kingine kilinipa fomu ya Kiingereza nikiwa kwenye foleni ya dawa: "Mama, weka sahihi hapa." Nilikataa, na leo ningekataa vilevile.

Sindano zilikuwa tatu, zikipishana wiki nne, na ya nyongeza mwaka mmoja baadaye. Homa ilipomshika, tulimpeleka, akapimwa. Akikutwa na malaria alipewa dawa ya mseto, hatukulipa kitu. Na kila mara tuliulizwa: chandarua mnatumia?

Nyota niliyoipunguza ni ya kutojua. Watoto wawili kati ya kila watatu walipata R21, wa tatu akapata chanjo ya kichaa cha mbwa ili kulinganisha, na hata daktari aliyempima hakujua nani kapata ipi. Sababu naielewa: mzazi akijua mwanawe kakingwa, huenda akalegeza chandarua, na matokeo yakapotoka. Si kosa la mtu. Lakini ukiwa na mtoto anayechemka usiku wa manane, kutojua kunauma sana, na kila mzazi ajiandae kwa hilo.

Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza R21, nililia kwa furaha. Watoto zaidi ya 4,800 wa Bagamoyo, Kilifi, Burkina Faso na Mali walichomwa kwa ajili ya jibu lile, na wangu yumo.

Mkijiandikisha, nakala yenu ya fomu msiiache kituoni. Ndimo mtakamokuta namba ya simu ya kamati ya maadili, ile inayolinda haki za washiriki wa utafiti, na malalamiko yakitokea mnawapigia wao moja kwa moja.