Chumba cha bodi kubwa ya umeme: milango miwili au mmoja?

Ukipanga chumba cha bodi kubwa, yaani kabati la swichi za kugawa umeme, kiwandani hapa Tanga, ubishi hauchelewi: milango miwili ya nini? Kanuni za ufungaji umeme za Marekani (NEC), kwa bodi ya ampea 1,200 na zaidi yenye upana unaozidi mita 1.8, zinataka njia ya kutokea kila upande. Mlango mmoja unakubalika iwapo kina cha nafasi ya kazi mbele ya bodi kitakuwa maradufu, au njia ya kutoka iwe wazi kabisa.

Mimi nachagua miwili. Nafasi kubwa hugeuka stoo: leo ndoo za rangi, kesho marobota ya mkonge. Bodi ikilipuka kati yako na mlango pekee, utapita wapi? Ila yote ifunguke kwa nje, kwa kusukuma tu. Fundi aliyeungua viganja hawezi kuzungusha kitasa.